Mtoto Hajakosa Kitu: Panya, Breki na Urefu wa Mfupa

Mtaani kwetu Umoja, Nairobi, mtoto asiyerefuka ana dawa moja, nayo ni supu. Supu ya mifupa iliyochemka usiku kucha mpaka uboho wote ukatoka, na ikiwezekana mifupa yenyewe iwe ya soko la Burma, eti ya pale haijalala kwenye friji. Supu ikishindwa, omena. Omena ikishindwa, maziwa ya ngamia kutoka Eastleigh. Na hayo yote yakishindwa zinabaki lawama, na lawama siku zote hujua mlango wa kubisha: wa mama. Alikula nini akiwa mjamzito? Alikataa kula nini? Alimcheka nani?

Binamu yangu amepandishwa ngazi zote hizo. Mtoto wake wa kwanza, msichana, alizaliwa akiwa na mikono na miguu mifupi, paji la uso lililojitokeza, na vidole vya kati ambavyo havigusani vikinyooshwa. Kliniki ya kwanza alikompeleka walimwandikia matone ya kalsiamu na vitamini D, wakamwambia avumilie. Ni hospitali nyingine, baada ya eksirei, iliyompa jina la hali hiyo: akondroplasia. Jioni ile akanipigia simu. "Mwalimu," akasema. Tumelelewa nyumba moja, lakini akiwa na shida huniita kwa kazi yangu. "Wewe si ndiye unafundisha bayolojia? Haya niambie, mtoto wangu amekosa nini?"

Jibu fupi ni kwamba hajakosa kitu. Jibu refu linapitia kwa panya, na nimekuwa nikimweleza kwa vipande tangu siku hiyo. Naliandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake anayeulizwa alimcheka nani.

Mfupa wa paja hauanzi ukiwa mfupa. Tumboni mwa mama, seli laini hukusanyika mahali ambapo paja litakuwa, zikageuka gegedu, kile kitu cheupe kinachoteleza kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Umbo zima la mfupa hutengenezwa kwanza kwa gegedu hilo. Halafu seli zilizo katikati ya umbo huvimba, chokaa ikaanza kujikusanya pembeni mwake, mishipa ya damu ikapenya, na seli zinazojenga mfupa zikaingia pamoja na damu. Mfupa wenyewe basi huanzia katikati na kusogea kuelekea ncha zote mbili. Karibu na kila ncha gegedu hubaki, utepe mwembamba tu, na utepe huo ndio bamba la ukuaji. Urefu wote wa paja, tangu kuzaliwa mpaka ujana unapokwisha, hutengenezewa humo.

Hili linaweza kuonekana kwa macho. Nilipokuwa chuoni Chiromo tulilifanya kwa kifaranga ambaye hajaanguliwa. Kwenye maabara za panya ni kazi ya kawaida kabisa. Kiinitete huchunwa ngozi, hutolewa matumbo, hulowekwa kwenye alkoholi. Kisha hutiwa rangi ya samawati ambayo hushika gegedu peke yake. Baada ya hapo huingizwa kwenye hidroksaidi ya potasiamu, dawa kali ambayo huilainisha nyama mpaka ikaanza kupitisha mwanga, na hutiwa rangi nyekundu ya alizarini, ambayo hushika mahali penye kalsiamu. Mwisho ni glisarini. Ukiinua chupa dirishani, nyama bado ipo ila huioni. Unachoona ni mifupa imeelea. Katikati ya kila mfupa ni wekundu ulioiva, kwenye ncha ni samawati, na pale rangi mbili zinapokutana mpaka umekatwa sawasawa. Vidole vya mguu, ambavyo ukivigusa vitakatika, kila kimoja kina kidoti chake chekundu. Mwenzangu mmoja aligoma kutoka na chupa yake mpaka askari wa jengo akaja na funguo.

Mwaka 1997 watafiti walichapisha picha za panya waliotiwa rangi kwa namna hii baada ya jeni moja, RUNX2, kuzimwa. Kuzima jeni iliyochaguliwa ndani ya panya ni ufundi uliowapa Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies tuzo ya Nobel ya mwaka 2007, na bila ufundi huo makala hii isingekuwepo. Panya hao wa RUNX2 walikuwa na umbo lao lote: mbavu, vidole, uti wa mgongo, mkia. Wekundu ndio haukuwepo, ila mabaki machache ya chokaa. Mifupa yao ilikuwa imechorwa yote kwa gegedu, lakini hakuna seli iliyokuja kuijenga. Walikufa mara tu walipozaliwa, kwa sababu mbavu za gegedu hazina nguvu ya kuvuta pumzi. Waliobaki na nakala moja nzima ya jeni hiyo waliishi, ila mitulinga yao haikukomaa. Na kuna watu wa namna hiyo pia, waliozaliwa na kasoro kwenye RUNX2, ambao mitulinga yao ni midogo au haipo kabisa, na wengine wanaweza kukutanisha mabega mbele ya kifua. Wanafunzi wangu hulipenda hilo kuliko kitu kingine chochote ninachofundisha.

Kwa hiyo kuna jeni inayoruhusu mfupa kujengwa. Binamu yangu alitaka kujua inayoamua urefu, na hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu.

Bamba la ukuaji lina tabaka. Juu kabisa, upande wa ncha, kuna seli zinazosubiri. Chini yake seli bapa zimepangana kwenye safu ndefu na zinagawanyika. Chini zaidi zimeacha kugawanyika na zinavimba. Mfupa unarefuka kwa mambo hayo mawili, kugawanyika na kuvimba, na la pili ndilo husahaulika ijapokuwa lina mchango mkubwa: seli moja inaweza kuongezeka ujazo mara kumi na zaidi kabla ya kumaliza kazi yake na kupisha mfupa. Sasa, nani anaiambia seli iache kugawanyika ianze kuvimba? Zenyewe zinapelekeana habari. Kutoka kwenye ncha hutolewa protini iitwayo PTHrP, na seli inayoipata huendelea kugawanyika. Ikisogea mbali kiasi cha kutoipata vizuri, huachana na kugawanyika, na inapoachana hutoa protini nyingine, IHH, ambayo husafiri kurudi juu na kuiambia ncha iongeze PTHrP. Wanaoondoka ndio wanaohakikisha waliobaki hawaondoki wote kwa pamoja. Panya waliozimiwa PTHrP, mwaka 1994, seli zao zilikimbilia kuvimba na mifupa ikakomaa kabla ya wakati. Walizaliwa wafupi, wakafa. Waliozimiwa IHH, mwaka 1999, walikuwa wafupi pia, kwa sababu seli zao ziligawanyika kidogo mno. Ufupi ni ule ule kwa macho, lakini ndani ni habari mbili tofauti, na hili ndilo ninalopenda mtu alishike kabla hajaanza kuandika dawa kwenye ngazi ya ploti.

Akondroplasia ni habari ya tatu.

Mwaka huo huo wa 1994 timu mbili ziligundua chanzo chake: herufi moja ya DNA imebadilika kwenye jeni ya FGFR3, katika kromosomu ya 4. Karibu kila mwenye akondroplasia duniani ana badiliko lile lile, mahali pale pale, ambalo linaondoa asidi-amino (kipande kimoja cha mnyororo wa protini) ya 380 ya protini inayotengenezwa na jeni hiyo, glisini, na kuweka arginini. Ukiishia hapo utajiambia kwamba jeni ya kurefusha imeharibika, kwa hiyo mtoto harefuki. Ni fikra ya supu: kuna kitu kimepungua, kijazwe.

Mwaka 1996 panya walikataa. Maabara mbili za Marekani, moja St. Louis na nyingine Harvard, zilizima FGFR3 kabisa. Kama jeni hiyo ingekuwa ya kurefusha, panya wangekuwa wafupi. Wakawa warefu. Mapaja yao yalizidi ya ndugu zao, mikia ikarefuka na kujipinda, tabaka la seli zinazogawanyika likawa nene kupita kawaida. Maana yake FGFR3 ni breki. Kazi yake ya kila siku, kwako na kwangu, ni kupunguza mwendo kwenye bamba la ukuaji, na lile badiliko la herufi moja haliharibu breki. Linaifanya ikanyagwe hata pale ambapo hakuna aliyeweka mguu. Injini ya mtoto ni nzima, mafuta yamejaa. Ukimwongezea supu umemwongezea mafuta.

Tena wale panya warefu hawakuwa na raha. Migongo yao ilipinda, na walikuwa viziwi, kwa sababu FGFR3 inahitajika pia kuunda sikio la ndani. Wafugaji wa kondoo wa Suffolk walikuwa wameiona hali kama hiyo zamani bila kujua jina la jeni: wanakondoo wenye miguu mirefu kupindukia, iliyopinda, ambao hawawezi kusimama vizuri. Baadaye ikabainika kwamba ni FGFR3 iliyopoteza kazi. Breki ipo kwa sababu maalumu. Nawaambia hili vijana wa kidato cha tatu wanaotamani kila kitu kinachorefusha.

Breki inakanyagwa vipi? Protini ya FGFR3 ni kipokezi, yaani mpokeaji wa ishara, kilichochomekwa kwenye utando wa seli ya gegedu, kichwa nje, mkia ndani. Kikipata protini ya FGF kutoka nje, vipokezi viwili hushikana, mikia yao ikawashana, na ishara ikaingia ndani kwa njia zaidi ya moja. Njia mojawapo, kupitia protini ya STAT1, hupunguza kugawanyika. Nyingine, mfululizo wa protini zinazopokezana wanaouita MAPK, huzuia seli kukomaa na kuvimba. Kwa hiyo zile kazi mbili zinazorefusha mfupa hubanwa zote mbili. Badiliko la akondroplasia limekaa kwenye sehemu inayopita katikati ya utando, na ishara hubaki na nguvu na kudumu kuliko inavyotakiwa.

Hapo binamu akauliza swali zuri kuliko yote: mbona kichwa hakikuwa kidogo? Kwa sababu si kila mfupa hupitia gegedu. Mifupa ya juu ya fuvu hujengwa moja kwa moja ndani ya utando, bila bamba la ukuaji, hivyo breki hii haina mahali pa kuikamata. Ubongo unakua, fuvu la juu linaufuata. Sehemu ya chini ya fuvu ndiyo iliyoanza kama gegedu, na yenyewe inabaki fupi. Ndiyo maana paji linajitokeza na daraja la pua limeingia ndani. Na hapa si suala la sura tu. Chini ya fuvu kuna tundu ambalo ugwe wa neva unaoshuka mgongoni hupitia, na kwa watoto wa akondroplasia tundu hilo linaweza kuwa jembamba kiasi cha kubana. Mtoto mchanga anayekoroma sana, anayekata pumzi usingizini, ambaye mwili wake umelegea kupita umri wake, anatakiwa kuonwa na daktari upesi. Wataalamu pia huonya asikalishwe mapema bila kuegemezwa mgongo, na masikio yakaguliwe kila mara kwa sababu maambukizi ya sikio la kati ni ya kawaida kwao. Lile agizo la kuvumilia na matone halikutaja hata moja kati ya haya. Bado linanikera.

Sasa lawama. Takriban watoto 8 kati ya 10 wenye akondroplasia huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida. Badiliko ni jipya, halijawahi kuonekana katika ukoo. Na lilipofuatiliwa, likaonekana kuwa karibu mara zote limetokea kwenye mbegu ya baba, na uwezekano wake unapanda kadiri baba anavyozeeka. Seli zinazozaa mbegu za kiume hujinakili maisha yote ya mwanamume, na kila kunakili ni nafasi ya kukosea herufi. Kuna na ajabu juu yake: watafiti wameonyesha kwamba baadhi ya mabadiliko kwenye jamii hii ya jeni, badala ya kuzuia, huzipa seli za korodani nguvu ya kuzaana kuliko jirani zake. Jeni ile ile inayokanyaga breki mfupani, kwenye korodani inasukuma.

Nilimweleza shosho haya sebuleni, mume wa binamu akiwapo. Shosho alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia.

"Kwa hivyo ni wewe?"

"Si yeye, shosho," nikawahi. "Ni bahati tu. Hakuna alichofanya."

"Na miaka hii yote mlikuwa mnamwambia huyu msichana ni yeye, si pia ilikuwa bahati?"

Sikuwa na la kuongeza. Hakuna chakula, hakuna kicheko, hakuna macho ya mtu yanayobadilisha herufi hiyo, na baba hapaswi kurithishwa lawama ambazo mama amevuliwa. Lakini nakiri nilifurahi kidogo kuona zimehama hata kwa dakika moja.

Kuna watoto wafupi ambao kweli wamekosa kitu, na kuwachanganya na hawa ni hatari kwa pande zote mbili. Matege yapo Nairobi mpaka leo. Mtu wa mbali hushangaa, mji uko karibu na ikweta na jua ni la bure, lakini nenda mtaa wa Pipeline uone maghorofa ambayo dirisha linaangalia ukuta wa jirani, na mtoto anashinda ndani kwa sababu nje ni barabara. Bila jua ngozi haitengenezi vitamini D ya kutosha, na kama chakula nacho ni uji mtupu, kalsiamu haitoshi. Panya wamelifafanua hili kwa namna iliyonishangaza. Mwaka 1997 walitengenezwa panya wasio na kipokezi cha vitamini D. Baada ya kuachishwa kunyonya wakapata matege. Lakini wenzao walipolishwa mapema chakula kilichojazwa kalsiamu, fosfati na sukari ya maziwa, mifupa yao ilikuwa ya kawaida, ingawa kipokezi bado hakikuwepo. Yaani kazi kubwa ya vitamini D kwa mfupa inafanyikia tumboni: kuufanya utumbo ufyonze kalsiamu. Malighafi ikifika kwa njia nyingine, bamba la ukuaji halilalamiki. Fosfati ikipungua, seli zilizovimba hazifi kwa wakati wake, tabaka linarundikana bila kuwa mfupa, na uzito wa mtoto unaipinda miguu.

Kwa mtoto wa namna hiyo, maziwa, omena na jua ni tiba halisi, na majirani wako sawa kabisa. Kwa mtoto wa akondroplasia ni chakula kizuri, basi. Eksirei inaweza kuwatenganisha hao wawili asubuhi moja. Ndiyo maana naudhika na matone yanayoandikwa kabla ya picha.

Je, breki inaweza kulegezwa? Hapa tena panya walitangulia. Mwili una protini ndogo inayoitwa CNP, nayo inafanya kazi kwenye seli zile zile za gegedu kupitia kipokezi chake yenyewe. Mwaka 2001 panya waliozimiwa CNP walionekana kuwa wafupi. Mwaka 2004 timu ya Chuo Kikuu cha Kyoto ikachukua panya wenye akondroplasia, ikawafanya watoe CNP nyingi ndani ya gegedu, na mifupa ikarefuka tena. CNP haikugusa FGFR3. Iliikatiza ishara njiani, kwenye ule mfululizo wa MAPK. Kwangu hili ndilo tokeo zuri kuliko yote katika hadithi hii, kwa sababu linaonyesha kwamba huhitaji kurekebisha jeni ili kurekebisha inachosema.

Tatizo ni kwamba CNP hudumu dakika chache tu kwenye damu. Dawa ya vosoritide ni CNP iliyobadilishwa kidogo ili isivunjwe haraka, hudungwa chini ya ngozi kila siku. Katika jaribio la watoto 121, lililochapishwa 2020, waliopata dawa walirefuka takriban sentimita 1.57 zaidi kwa mwaka kuliko waliopata sindano tupu. Ulaya na Marekani ziliiruhusu mwaka 2021. Bei yake Marekani kwa mwaka ni mamia ya maelfu ya dola. Mimi ambaye hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, bima ya afya ya serikali, nilipoisoma nilifunga simu nikaenda kusahihisha madaftari. Kuna pia kidonge, infigratinib, kilichoanzia kwenye saratani, ambacho huzuia vipokezi vya FGFR vyenyewe. Kwa kipimo kidogo kiliwarefusha panya wa akondroplasia, na matokeo ya awali kwa watoto, yaliyotoka 2024, yalitia moyo.

Dawa zote hizi zina mlango unaofungwa. Zinafanya kazi tu bamba la ukuaji likiwa wazi. Ukitaka kuona bamba lililo wazi, Nairobi tuna mfano ambao dunia nzima inautamani: yule mvulana wa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka 1984, ambaye mifupa yake imehifadhiwa kwenye Makumbusho ya Taifa. Alikufa takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, akiwa na kimo cha kama sentimita 160, na wanasayansi wanajua alikuwa bado mtoto kwa sababu, pamoja na meno yake, ncha za mifupa yake mirefu zilikuwa hazijaungana na shina. Pale gegedu lilipokuwa pamebaki mstari. Nikiwapeleka wanafunzi hapo huwa nawaacha waangalie fuvu kwanza, kwa sababu watalikimbilia tu, kisha nawashusha kwenye mapaja.

Kinachofunga mlango kwa binadamu ni estrojeni, kwa wasichana na kwa wavulana vilevile. Mwaka 1994 ilielezwa habari ya mwanamume wa miaka 28, mwenye kimo cha sentimita 204, ambaye alikuwa bado anarefuka. Mwili wake haukuwa na kipokezi cha estrojeni kinachofanya kazi. Panya hawakuweza kutufundisha hili vizuri, kwa sababu mabamba yao hayafungi kabisa wanapobalehe kama yetu. Hapa ndipo ninapowaambia watu wasimwabudu panya. Ametuonyesha breki iko wapi na nani anaikanyaga, ila safari yake si yetu mpaka mwisho.

Na mlango huo ndio unaofanya jambo hili liwe gumu kwa mzazi hata pesa zingekuwepo. Sindano huanza mtoto akiwa mdogo, kabla hajaweza kusema anataka au hataki. Kuna watu wazima wa kimo kifupi wanaosema wazi kwamba hawajawahi kujiona wagonjwa, kinachowasumbua ni ngazi ya matatu, kaunta ya benki na watu wanaowapiga picha bila kuwaomba. Mimi nadhani wana haki kuhusu kaunta, na nadhani pia kwamba dawa ikija kuthibitika kwamba inapanua lile tundu la chini ya fuvu, mjadala wa sura na kimo utakuwa mdogo sana mbele yake. Binamu yangu hataki kuvutwa upande wowote. "Akikua ataniuliza mwenyewe, na nitamjibu mwenyewe," alisema mara ya mwisho tulipoongea, kisha akabadilisha mada: choo cha nasari anakotaka kumpeleka kina ngazi mbili ndefu, na anataka mimi, kwa kuwa ni mwalimu, niende naye kuongea na mwalimu mkuu kabla shule hazijafunguliwa Januari.